Kwa Nini Tunapenda Kuona Wakubwa Wakijivunjia Heshima?

Leo ningependa tuzungumzie jambo ambalo hutukesha usiku hata kama asubuhi yake kuna mtihani wa hisabati. Nalo ni vile vipindi vya televisheni ambamo watu mashuhuri, wenye vyeo na mali, hufanya mambo ya kitoto mbele ya mamilioni ya watazamaji. Kwani raha yake ni nini hasa?

Mfano mzuri uko Uingereza. Huko kuna kipindi kiitwacho I'm a Celebrity... Get Me Out of Here! kilichoanza mwaka wa 2002 katika kituo cha ITV. Nyota kadhaa hupelekwa msituni Australia, wakanyimwa starehe zote na kupewa wali na maharagwe kidogo tu. (Najua wengi wenu mnacheka, maana kwetu hiyo ni karamu, siku nyingine ni githeri.) Wakitaka kitoweo, sharti mmoja wao afaulu jaribio: atie mkono penye nyoka, amwagiwe wadudu kichwani, au ale viungo vya wanyama ambavyo mwalimu mlezi wa chama hataniruhusu kuvitaja hapa. Na mara nyingi anayeamua ni nani aende ni mtazamaji aliyeketi kwake nyumbani, kwa kupiga kura.

Hapo kwenye kura ndipo penye utamu. Siku zote mkubwa ndiye huamua, sisi wadogo tukafuata. Lakini usiku huo mtu ambaye hata diwani wake hamjui anasema, "Wewe, ingia shimoni," na mheshimiwa anaingia! Waama, hicho si kicheko cha bure. Ni kama deni linalolipwa.

Mnamo Novemba 2022 aliingia huko Bwana Matt Hancock. Huyu alikuwa Waziri wa Afya wa Uingereza Korona ilipozuka. Mwezi wa Juni 2021 alijiuzulu baada ya kubainika kwamba amekiuka masharti ya kutokaribiana, yale yale ambayo serikali yake iliwawekea wananchi. Watu walikuwa wamezika wapendwa wao bila hata kukumbatiana. Basi aliposhuka msituni, hali angali mbunge, watazamaji walimpigia kura aende majaribioni siku baada ya siku. Mende, matope, nyoka, yote akayaona. Chama chake nacho kilikuwa kimemsimamisha kwa kwenda huko.

Lakini jamani, sikilizeni kilichofuata. Jamaa hakulia wala hakukataa. Alijipaka matope, akala alichopewa, akatabasamu. Taratibu kura zikageuka. Ilipofika wakati wa kupiga kura za kumbakiza mtu kambini, alibakizwa hadi akamaliza wa tatu. Aliyeshinda ni Jill Scott, mchezaji wa kandanda. Na malipo? Katika orodha ya mapato ya wabunge aliandikisha pauni 320,000, na kati ya hizo akatoa 10,000 kwa misaada. Hesabuni wenyewe.

Sasa, sisi ni wanachama wa Kiswahili, kwa hivyo tutazame lugha kidogo. Tunasema "kumvunjia mtu heshima". Hapo mtendaji ni mmoja na mtendewa ni mwingine, naye mtendewa hana la kufanya ila kununa au kwenda mahakamani. Tukiingiza kiambishi "-ji-" tunapata "kujivunjia heshima". Mtendaji na mtendewa ni yule yule! Maana yake, yeye ndiye ameshika nyundo: anajua apige wapi, kwa nguvu gani, na aache lini. Mtu anayejichekesha namna hiyo huwa ametupokonya silaha kabla hatujaitumia.

Ndiyo sababu nasema Redykyulass walikuwa kitu tofauti kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nyambane, KJ na Tony Njuguna waliwaigiza viongozi wa Kenya, hata Rais Moi mwenyewe, sauti na mikono na kila kitu. Wazazi wetu wanasema walicheka huku wakitazama mlangoni. Kisha mwaka wa 2009 vikaja vikaragosi vya The XYZ Show. Katika hayo yote mkubwa hakuombwa ruhusa wala hakulipwa hata ndururu, na kichekesho kiligusa kazi yake: anavyotawala, anavyosema uongo, anavyokula. Nyoka wa Australia hamwulizi mtu chochote kuhusu kazi yake.

Kuna waliosema darasani kwamba nayakuza mambo, ati kichekesho ni kichekesho tu. Huenda, kama aliyeko msituni ni mwimbaji au mwanakandanda. Nami humtazama nikicheka mpaka mbavu ziume. Ila waliofiwa na Korona kule Uingereza hawakuona kichekesho. Hancock akiwa bado kambini, ndege ilipita juu ikikokota bango lenye ujumbe wao wa kumtaka aondoke. Yeye alibaki hadi fainali. Kabla ya Krismasi mwaka huo huo alitangaza kwamba hatagombea tena ubunge, na mwaka wa 2024 akatoka bungeni.