Warudishe Watu Makwao: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Siku ya Uwanja

Milima ya Usambara, hapa kwetu Lushoto, haina tambarare ya kuchezea. Penye tambarare pana shamba, na kiwanja kilichonusurika kinabeba mambo ya kata nzima: ligi ya vijana, michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA), mapokezi ya Mwenge, swala ya Idi, mkutano wa injili, chanjo ya watoto, na siku mbaya, jeneza. Habari nazo zinapatikana hapo hapo. Ukitaka kujua nani kafiwa, mbolea ya ruzuku imefika au bado, mkutano wa kijiji umesogezwa hadi lini, nenda kiwanjani saa ya mapumziko usikilize kipaza sauti. Na timu kubwa zikicheza Uwanja wa Mkwakwani, hapo hapo ndipo kosta za mashabiki hujaza abiria alfajiri kuteremka Tanga.

Nayaandika haya kwa waandaaji kwanza, kisha kwa madereva, wazazi na mashabiki. Msingi wake ni mmoja: shughuli haiishi na filimbi ya mwisho. Aliyewaita watu ana deni nao mpaka wafike makwao.

Hesabu watu kabla hujahesabu kiingilio. Pima kwa hatua sehemu ya watazamaji. Kwa watu wanaosimama, usizidishe wanne katika kila mita moja ya mraba. Wakifika sita au saba, mtu hana tena amri ya miguu yake. Umati unaanza kwenda kwa mawimbi, aliye mbele anabanwa kifua, anakosa hewa, anakufa akiwa amesimama. Wengi hudhani watu hawa huanguka wakakanyagwa. Wapo wanaokanyagwa, lakini wengi hufa kwa kukosa pumzi, na wa nyuma wanaendelea kusukuma kwa sababu hawaoni kinachotokea mbele. Ndiyo maana kupaza sauti "jamani msisukumane" hakuokoi mtu. Kinachookoa ni kusimamisha mauzo ya tiketi mapema na kuzuia watu wakiwa bado mbali na lango.

Tumeyaona nchini mwetu. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa mjini Moshi kwenye ibada iliyofanyika uwanjani, walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Machi 21, 2021, watu 45 walikufa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, siku ya kumuaga Rais John Magufuli. Mei 28, 2023, mtu mmoja alikufa na wengine 30 wakaumia kwenye Uwanja wa Mkapa, siku Yanga walipocheza na USM Alger mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ibada, msiba, mpira. Kwa hiyo mwandaaji anayesema "wetu ni mkutano wa dini, watu watatulia" asipewe kiwanja mpaka aonyeshe watu wake watapitia wapi.

Usigawe kitu langoni. Iwe fulana, kofia, maji, soda au pilau, kigawiwe ndani, mbali na njia, katika meza nyingi zilizoachana. Ukigawa mahali pamoja penye upana wa mlango mmoja, umeutengeneza msongamano kwa mikono yako mwenyewe.

Usifunge geti kwa kufuli watu wakiwa ndani. Mei 9, 2001, mjini Accra, Ghana, polisi walirusha mabomu ya machozi jukwaani kuwatuliza mashabiki waliokasirika. Watu wakakimbilia milango, wakaikuta imefungwa. Walikufa 126. Sababu ya kufunga huwa ni ileile kila mahali: kuwazuia wasiolipa. Basi na waingie bila kulipa. Ukizungushia turubai kiwanja cha shule ili utoze kiingilio, acha njia za kutokea angalau mbili, zisiwe upande mmoja, kila moja ipitishe watu wanne sambamba. Weka mtu mzima kwenye kila njia, asiyeondoka hata goli likifungwa. Watazamaji waambiwe kwa kipaza sauti njia hizo ziko wapi kabla mpira haujaanza.

Viwanja vyetu vina jambo lingine ambalo vya mijini havina. Vimechongwa kwenye mteremko. Upande wa juu kuna ukingo wanaoukalia watu kama jukwaa, upande wa chini kuna poromoko. Weka kamba upande wa chini na usiruhusu mtu kukaa hapo. Mvua ikinyesha, udongo huu mwekundu unateleza, na ukingo ulioubeba umati mwezi wa pili unaweza kumeguka mwezi wa nne. Wakati wa masika uukague asubuhi ya shughuli, kwa miguu yako. Ukiona ufa juu ya ukingo, watu wasiukalie, na kama hakuna pengine pa kukaa, ahirisha.

Watoto wasiingie kwenye umati bila mtu mzima anayewajua kwa majina. Oktoba 1, 2008, sikukuu ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa mjini Tabora katika ukumbi wa disko walimojazwa kusherehekea. Hatuhitaji kujifunza hilo mara ya pili. Mzazi, usimpe mtoto wa miaka saba hela ya kiingilio ukamwambia "fuatana na wenzako". Mwandaaji, usimuuzie tiketi mtoto aliye peke yake. Tenga sehemu ya watoto pembeni, karibu na njia ya kutokea, na usiiweke mbele kabisa chini ya spika. Mtoto aliyepotea apelekwe mahali pamoja palipotangazwa, akabidhiwe kwa mama. Kama anakuja mtu mwingine kumchukua, mtoto amtambue kwanza.

Tangaza kwa ukamilifu au nyamaza. Tangazo la shughuli lina mambo sita: nini, wapi, siku gani na tarehe gani, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kiingilio. Lile la tano ndilo linaloachwa kila mara, na ndilo ambalo mzazi na dereva wanalihitaji kuliko yote. Usiandike "kuanzia saa 8 mchana hadi majogoo" kwenye kiwanja kilichozungukwa na nyumba za watu. Usibandike picha ya msanii ambaye hujakubaliana naye. Watu watatembea kutoka Mtae na Mlalo kwa ajili ya picha hiyo, na hasira yao itamwangukia kijana wako wa getini.

Shughuli ikiahirishwa, taarifa ipite njia zilezile tangazo lilizopitia. Kama ulitumia gari la matangazo, gari lirudi. Kama ulipeleka karatasi misikitini na makanisani, peleka nyingine. Ujumbe mmoja kwenye kundi la WhatsApp la viongozi haumfikii bibi wa Bumbuli mwenye simu ya kitochi.

Kuhusu habari za ajali na vifo, nitasema kwa ukali zaidi. Usitangaze jina la marehemu kwenye kipaza sauti wala kwenye simu kabla familia haijaambiwa na mtu aliyefika mlangoni kwao. Usisambaze picha ya majeruhi. Usitume ujumbe usio na tarehe wala mtumaji, kwa sababu picha za ajali ya miaka mitatu nyuma huzunguka kila mashabiki wanaposafiri, na mama akiiona kosta inayofanana na ile aliyopanda mwanawe, presha inampanda. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu uchapishaji wa taarifa za uongo kuwa kosa, lakini hata kama isingekuwepo sheria, usifanye.

Anza mapema. Mechi inayoanza saa 10 jioni inamalizika karibu saa 12. Ikienda penalti, giza limeingia, ukungu umeshuka, na watu mia kadhaa wanatafuta njia za miguu zenye mawe. Huku mlimani jua hujificha nyuma ya kilele mapema kuliko linavyozama Tanga mjini. Fainali ya ndondo ianze saa 8 mchana. Mgeni rasmi akichelewa, mpira uanze bila yeye, atakagua timu saa ya mapumziko. Hotuba zisizidi mbili.

Barabara. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo tunapozikwa.

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita zipatazo 32, kupitia Soni, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kutoka hapo hadi Mkwakwani unapita Korogwe, Segera na Muheza, na safari nzima ni zaidi ya kilomita 150 kwenda tu. Najua kinachotupeleka. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa 1988, ni timu ya mkoa wetu. Agosti 13, 2023, Ngao ya Jamii iliamuliwa Mkwakwani, Simba na Yanga wakatoka suluhu, na Ally Salim akaokoa penalti tatu kuwapa Simba kombe. Siku kama hiyo hakuna wa kumzuia kijana wa Lushoto nyumbani. Basi aende, na arudi.

Panga safari kwa kuhesabu penalti. Mwandaaji wa safari anayepiga hesabu ya dakika 90 peke yake ataishia kumhimiza dereva akimbie.

Usirudi usiku. Mechi ikiisha saa 12 jioni, kutoka tu uwanjani ni nusu saa na zaidi, na utafika chini ya mlima giza likiwa nene, dereva akiwa ameamka tangu alfajiri. Usiku wa Februari 3, 2023, kosta iliyokuwa imebeba wafiwa na mwili wa ndugu yao kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso wilayani Korogwe, kwenye barabara kuu hii hii tunayoipita. Walikufa watu wasiopungua 17. Kaeni Tanga mpaka asubuhi. Gharama ya kulala igawanywe na kuingizwa kwenye nauli tangu mwanzo, na asiyeweza kuilipa aangalie mpira kwenye banda la video.

Usipande Fuso la mizigo. Usikae dirishani ukapeperusha bendera. Asizidi hata mtu mmoja juu ya idadi ya viti, na orodha ya majina yenye namba ya simu ya ndugu wa kila abiria ibaki na mtu aliye Lushoto.

Dereva ateremke mlima na gia nzito, asitegemee breki. Breki zinazokanyagwa mfululizo kutoka Soni hupata moto, zikishapata moto hazishiki, na gari lenye watu 30 halisimamishwi kwa maombi. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, sema kwa sauti gari lisimame. Usione aibu. Abiria yeyote ana haki hiyo, hata binti mdogo wa kiti cha nyuma, na anayemzomea ashushwe yeye. Dereva akinywa hata bia moja Tanga, haendeshi siku hiyo.

Mvua kubwa ikinyesha usiku wa kuamkia safari, piga simu kwanza Soni na Mombo kuuliza kama barabara inapitika. Mawe na udongo huporomoka njiani masika kila mwaka. Ukikuta poromoko bichi, usijaribu kupenya pembeni, rudi nyuma.

Hapa kwetu kiwanjani, njia ya gari la wagonjwa iachwe wazi tangu saa ya kwanza hadi ya mwisho. Bodaboda ziegeshwe upande mmoja. Namba 114 ya Zimamoto na 112 ya polisi zitajwe kwenye kipaza sauti, ingawa msaada wa kwanza utatoka kwa walio karibu, kwa hiyo muuguzi awepo, alipwe posho, na asigeuzwe mtunza soda.

Usigongane na gulio. Siku ya soko barabara ni ya malori ya kabichi, karoti na viazi, na mkulima aliyekwama kwa muda wa saa tatu kwa sababu ya jukwaa lako amepoteza jasho la msimu.

Zima muziki penye msiba. Usibishane na wafiwa kwamba kibali unacho. Adhana ikiadhiniwa, kipaza sauti kinyamaze. Jumapili asubuhi, vivyo hivyo. Mji huu ni wa Waislamu na wa KKKT, ambayo Dayosisi yake ya Kaskazini Mashariki ina makao yake hapa hapa Lushoto, na kiwanja kimewahudumia wote miaka yote.

Usikate miti ya jukwaa msituni. Hifadhi ya Magamba si stoo ya nguzo. Nunua mbao au azima mabomba. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, pombe ya viroba tangu Machi 2017, na muuzaji anayeviingiza kwa siri atolewe uwanjani na mgambo, bila kupigwa. Vyoo vya wanawake viwe na mlango unaofungwa kwa ndani. Mwamuzi asiguswe.

Toa hesabu ya pesa hadharani. Tiketi zilizouzwa, zilizobaki, mapato, malipo ya waamuzi, ya muuguzi, ya walinzi wa milango, ya usafi, na kilichobaki kimeenda wapi. Iandikwe kwenye karatasi moja, isainiwe na watu watatu wasio wa ukoo mmoja, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji ndani ya siku saba. Kama ulichangisha kwa ajili ya mgonjwa au darasa, aliyechangiwa asaini kwamba amepokea. Kamati isiyobandika hesabu isipewe tena kiwanja, na mwenyekiti wa kijiji anayeipa aulizwe kwa jina katika mkutano mkuu.