Kuzungumza na Watoto Habari za Wakimbizi

Somo kwa walimu wa Shule ya Jumapili, walimu wa kipindi cha dini, na wazazi
Masomo: Mathayo 2:13-23, Walawi 19:33-34



Watoto wetu wa darasa la tatu hadi la sita husikia mambo ya dunia kabla sisi hatujawafundisha. Husikia redioni, husikia sokoni, husikia wakubwa wakibishana barazani. Wanayoyasikia huyachukua mpaka shuleni na kuyarudia kwa wenzao. Sisi tunaofundisha kipindi cha dini huku Kigoma tulizinduka siku mtoto mmoja alipomwita mwenzake "mkimbizi" kwenye foleni ya maji, naye alikusudia kumtukana. Tulipouliza darasa zima maana ya neno hilo, walichojua ni kwamba ni neno baya.

Tungaliweza kutoa hotuba. Kutoa hotuba twajua sana. Watoto wangaliitikia "Ndiyo, mwalimu" kwa sauti moja, na kesho yake pale bombani tusi lingalikuwa lile lile. Basi tuliazimu kuzungumza nao kwa vipindi vitatu. Twaeleza hapa tulivyofanya, pamoja na kosa letu, ili wengine wapate msaada.

Kipindi cha kwanza: mzigo mmoja. Watoto na wakae duara, chini ya mti ikiwezekana. Wakikaa kwa mistari humtazama mwalimu tu na kubahatisha jibu analolitaka. Mwalimu atandike kanga moja chini, aseme: "Usiku huu mmesikia milio ya bunduki. Mna nafasi ya kufunga mzigo mmoja tu katika kanga hii. Mtachukua nini?" Kisha anyamaze. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa, maana mwalimu akiona kimya hudhani kipindi kimeharibika, akaanza kujibu mwenyewe.

Watoto wetu walitaja sufuria, blanketi, kuku, sare ya shule. Mmoja alisema redio, wakamcheka. Ndipo msichana mmoja akasema kwamba kanga hiyo haitafunga mzigo wo wote, kwa sababu atambebea mdogo wake mgongoni. Tangu hapo hawakutaja vyombo tena. Waliuliza, bibi asiyeweza kutembea atafanyaje? Na mbuzi je? Na kama baba hayuko nyumbani?

Baada ya hayo ndipo tulipowapa maana ya neno. Mkimbizi ni mtu aliyeiacha nchi yake kwa kuogopa kuuawa au kuteswa kwa ajili ya kabila lake, dini yake au mawazo yake ya siasa. Hivyo ndivyo mataifa yalivyokubaliana mwaka 1951. Mwaka 1969, huko Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliongeza wale wanaokimbia vita na machafuko. Walipenda kujua kwamba Afrika iliongeza jambo lake.

Kipindi cha pili: ramani. Chora ardhini kwa kijiti Ziwa Tanganyika, kisha Burundi, Rwanda na Kongo. Weka jiwe kwa kila msafara. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji Burundi, wakapewa ardhi Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Wakalima, wakazaa, wakazeeka. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao na wazao wao walipewa uraia wa Tanzania. Mwaka 1993 Burundi ilichafuka tena. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, kwa muda wa kama siku moja. Hesabu hiyo haiingii kichwani hivi hivi, basi tuliwaambia waigawe: darasa moja lina watoto 50, je, hayo ni madarasa mangapi? Waliandika mchangani wakapata 5,000. Mwaka 1996 vita ya Kongo ilileta wengine, na ndipo kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa karibu na Kasulu.

Sasa kosa letu. Mmoja wa watoto, ambaye babu yake alitoka Burundi, tulimwomba asimame awasimulie wenzake. Tulidhani twampa heshima. Alisimama, akatazama miguu yake, akakaa bila kusema neno, na wiki mbili hakuja. Mama yake ndiye aliyetufundisha. Alituambia kwa upole kwamba nyumbani kwao habari hizo huzungumzwa babu anapotaka mwenyewe, wala si anapoulizwa. Tulikwenda kuomba radhi. Mwalimu asimfanye mtoto ye yote kuwa kielelezo cha somo. Ikiwa mtoto ataka kusema, atasema.

Kipindi cha tatu: maneno ya nyumbani. Tuliwauliza, "Watu husemaje juu ya wakimbizi?" Wakatoa yote. Mmoja akasema, "Baba anasema wamemaliza kuni zetu." Mwalimu asiseme haraka kwamba si kweli, maana kuna ukweli ndani yake. Watu wengi wakiwekwa mahali pamoja na kupika kwa kuni, miti huisha, na akina mama wa kijijini huenda mbali zaidi. Tuliuliza tena: nani aliwachagulia mahali pa kukaa? Wangepika kwa nini? Na nani aliwauzia ndizi, nani aliwapa kazi ya kulima kwa ujira mdogo? Walibishana sana, wengine wakiwatetea wazee wao, nasi hatukuwakataza. Mtoto akiambiwa kwamba baba yake ni mwongo, ataufunga moyo wake, na baba naye atakuwa na haki ya kutukasirikia.

Mwisho tulisoma Mathayo 2. Waonyeshe watoto kwamba Yusufu aliondoka usiku, na kwamba waliporudi hawakukaa Uyahudi, kwa kumwogopa Arkelao, bali walikwenda Nazareti. Wakimbizi wengi waliorudi kwao wamekuta shamba lina mtu mwingine. Kalenda ya Kanisa huwakumbuka tarehe 28 Desemba wale watoto waliouawa na Herode, lakini kwa kuwa siku hiyo shule zimefungwa, twapita juu yake bila kuitazama.

Hapo mvulana yule wa redio akauliza: "Mwalimu, mbona malaika hakuwaambia na baba wengine wa Bethlehemu?"

Hatukuwa na jibu, tukasema hivyo mbele yao. Tulimpelekea Padre swali hilo. Naye hakulipa jibu la haraka. Aliomba kuja kukaa nao darasani, na Ijumaa ya pili alikaa kwenye duara nusu saa, akisikiliza zaidi kuliko kusema. Yule mtoto wa Burundi alikuwa amekwisha rudi. Alikaa karibu na Padre, na wote walipokuwa wametoka alibaki nyuma, akamwuliza jambo kwa sauti ya chini. Hatukuuliza ni nini.

Walimu wanaotaka kuanza waje na kanga moja na kijiti siku ya mkutano wetu wa Jumamosi, baada ya sala ya jioni.