Visi imelika kichwa: tufanye nini?

Ndugu wanachama, mara hii tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachosimamisha kazi kubwa. Mashini ya kukoboa mpunga imeziba. Chujio limepasuka, na kulibadilisha ni kazi fupi tu. Lakini kifuniko kinashikwa na visi nne. Tatu zinatoka, ya nne inakataa: turnevisi inazunguka bure na kichwa kimekuwa laini kama sahani. Nje magunia yako kwenye mstari, na wamama wanangoja mchele wauze walipe minervali ya watoto.

Hapo ndipo watu huchukua nyundo na kupiga kwa hasira. Kifuniko kinapasuka, na kifuniko kipya hakipatikani kila siku sokoni Kindu. Kitangojwa kwa treni, kwa ndege au kwa mtumbwi. Basi tushike neno moja: turnevisi ikiteleza mara ya kwanza, simama. Kila mtelezo unakula kichwa zaidi.

Kwa nini kichwa kinalika?

Sababu ya kwanza ni turnevisi isiyolingana. Ikiwa ndogo, inagusa pembeni tu. Kwenye visi ya msalaba, kuta za tundu zimeinama. Ukizungusha bila kusukuma kwa nguvu, turnevisi inapanda na kutoka. Ya pili ni kutu: mashini iliyo karibu na maji na unyevu inakamata visi kwenye meno. Ya tatu ni kukaza kupita kiasi.

Hatua kwa hatua: anza na njia ya upole

Zima motere, ngoja ipoe, na utoshe mkanda. Usifanye kazi hii huku motere inazunguka.

1. Safisha tundu la kichwa kwa msumari. Vumbi la pumba likijaa humo, turnevisi haiingii mpaka chini.

2. Tia matone ya petroli ya taa kuzunguka visi, gonga kichwa polepole kwa nyundo, kisha acha. Kama kutu ni nyingi, acha mpaka kesho. Usitumie esanse: inashika moto upesi. Na sigara iwe mbali.

3. Chukua turnevisi inayojaza tundu. Sukuma kwa uzito wa mwili, robo tatu ya nguvu iwe ya kusukuma, robo ya kuzungusha. Kaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike, ndipo ulegeze kuelekea kushoto.

4. Bado inateleza? Weka kipande chembamba cha mpira wa ndani wa kinga kati ya turnevisi na kichwa. Mpira unajaza pale palipolika. Njia hii inasaidia visi isiyoshikwa sana na kutu.

5. Kama kichwa kimejitokeza juu, kibane kwa pinsi ya kubana na uzungushe.

6. Kata mstari mpya juu ya kichwa kwa msumeno wa chuma, halafu tumia turnevisi bapa. Angalia msumeno usile kifuniko.

7. Weka tindo kwenye ukingo wa kichwa, uilaze upande wa kulegeza, na ugonge kidogo kidogo.

8. Mwisho kabisa, toboa kichwa. Kwa visi ya milimita 6, meshi ya milimita 6 inatosha kukitenganisha. Kifuniko kinatoka, na shina linalobaki unalizungusha kwa pinsi. Kama hamna mashini ya kutobolea, ni heri mwanachama wa Alunguli avuke mto kutafuta fundi kuliko kuvunja kifuniko. Vaa miwani, maana vipande vya chuma vinaruka machoni.

Kabla ya kukoboa tena

Msumeno na meshi vinaacha unga wa chuma, na mashini hii inapitisha chakula. Fagia, pangusa mafuta yote kwa kitambaa, kisha pitisha pumba safi na uzitupe. Hapo tu ndipo mpunga wa mtu uingie.

Visi ile mbovu usiirudishe. Weka bulo ya kichwa cha pembe sita, yenye unene na meno yaleyale. Bulo ya milimita 6 kwa kawaida inafunguliwa na kle ya 10, na kle haitelezi ovyo. Paka girisi kidogo kwenye meno, na kaza mpaka ishike, basi. Usiikaze kwa bomba refu.

Kisanduku cha koperative

Tunashauri kila koperative iweke pamoja: turnevisi za msalaba za ukubwa mbili, bapa moja, pinsi ya kubana, msumeno wa chuma, tindo, kle ya 10 na ya 13, girisi, na bulo za akiba. Mtu mmoja atunze kisanduku na aandike nani amechukua nini.

Tujadili katika kikao

- Kwenye mashini yetu, visi gani zinafunguliwa mara nyingi? Tunaweza kuzibadilisha kwa bulo kabla ya mavuno?
- Nani ana ruhusa ya kufungua mashini?
- Franga za kununua vyombo zitoke katika mfuko gani?