Mkono Mmoja au Miwili? Tulinde Viwiko Vyetu

Mwezi huu tujifunze juu ya ugonjwa wa kiwiko, yaani kisugudi, ambao hauui lakini humnyima mtu kazi na riziki yake. Tangu miaka ya 1880 Wazungu wameuita kwa jina la mchezo wa tenisi, ingawa wengi wanaoupata hawajawahi kushika raketi. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, mama anayepiga makumbi kwa rungu ili apate usumba wa kusukia kamba huuchosha mkono wake kama mcheza tenisi. Basi tuanze uwanjani, kisha twende pwani.

UGONJWA WENYEWE
Misuli inayoinua kifundo cha mkono imeshikamana na mfupa wa upande wa nje wa kiwiko kwa kano. Kila ukishika kitu kwa nguvu, kano hiyo huvutika. Ikivutwa mara nyingi bila mapumziko, nyuzi zake huchakaa kabla mwili haujazitengeneza. Huwapata zaidi wenye umri wa miaka 35 hadi 55. Dalili zake ni maumivu upande wa nje wa kiwiko unapokamua nguo, unapoinua birika au unapompa mtu mkono.

SOMO KUTOKA TENISI
Mpira ukija upande wa pili wa mkono ulioshika raketi, mchezaji huupiga kwa mpigo uitwao bekihendi. Yapo mapigo mawili ya namna hiyo.

(a) Mkono mmoja. Hufika mbali, lakini mkono huo hupokea kishindo chote peke yake. Anayejifunza, akichelewa na kupiga huku kifundo kimepinda, huiumiza kano.

(b) Mikono miwili. Mkono wa pili husaidia kubeba kishindo, na nguvu hutoka kiunoni na mabegani. Hasara yake ni kwamba lazima mchezaji akimbie zaidi ili aufikie mpira. Watoto na wanaoanza hufaa kuanza hivi.

Katika miaka ya 1970 Chris Evert na Björn Borg waliufanya mpigo wa mikono miwili upendwe duniani. Mwezi Februari 2024, kwa mara ya kwanza tangu orodha ya ubora wa wanaume ianze mwaka 1973, hakuna hata mmoja katika kumi bora aliyetumia mkono mmoja. Hata hivyo Roger Federer alitwaa mataji makubwa 20 kwa bekihendi ya mkono mmoja. Kwa hiyo mkono mmoja si kosa, ila unadai ufundi: kifundo kinyooke, mpira upigwe mbele ya mwili, na nguvu itoke begani.

KATIKA KAZI ZETU
Anayefua nazi kwa kifuo hutumia mikono miwili na uzito wa mwili. Anayetwanga aweza kushika mchi kwa mikono yote. Lakini mpiga makumbi hulishika kumbi kwa mkono mmoja na kulipiga kwa mwingine. Afanyeje?

1. Kazi inayokubali mikono miwili, kama kuinua ndoo, aipe miwili.
2. Penye mkono mmoja, anyooshe kifundo, akae karibu na kazi, wala asilikamue rungu.
3. Rungu lisiwe zito mno. Mpini mwembamba uviringishwe kitambaa.
4. Abadili mikono, na apumzike kabla ya kuumwa.
5. Makumbi yafukuliwe yakiwa yameiva vizuri. Yaliyo magumu hudai mapigo mengi zaidi.

UKISHAUMIA
Punguza kazi inayouma, lakini usiufunge mkono usitembee kabisa. Kisha fanya zoezi hili: laza mkono juu ya meza, kiganja kikitazama chini na kikining'inia nje ya ukingo. Shika chupa ya maji ya nusu lita. Iinue kwa msaada wa mkono mzima, kisha ishushe polepole ukihesabu hadi tano. Rudia mara 10, ukizidi kuumwa acha. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki chache, lakini utafiti umeonyesha kuwa baada ya mwaka haileti nafuu zaidi, basi usiikimbilie.

Nenda hospitali ikiwa umeanguka, kiwiko kimevimba na una homa, vidole vina ganzi, au wiki sita zimepita bila nafuu. Maumivu ya mkono yakija pamoja na kubanwa kifua, usingoje hata saa moja, kwani huenda ni moyo.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ni kazi gani nyumbani mwako hufanywa kwa mkono mmoja bila sababu?
2. Nani katika familia huumwa kiwiko na kunyamaza?
3. Tunawezaje kumpunguzia kazi hadi apone?

Kumbukeni: kinga ni bora kuliko tiba.