Marijani na Matumbawe

Tumeulizwa na wanafunzi wa darasa letu la Majengo, Meru, walipofika katika Sura ya Ar-Rahman: hii marijani iliyotajwa pamoja na lulu ni kitu gani? Je, ni ushanga mwekundu wauvaao wanawake, au ni lile jiwe la baharini ambalo kwalo zimejengwa nyumba za Lamu na Unguja? Suali hili ni zuri, na wenye kuuliza wana udhuru, kwani wengi wao wamezaliwa huku bara, chini ya Mlima Kenya, wala hawajapata kuiona bahari. Lakini tumeona ya kuwa hata ndugu zetu wa pwani, ambao huliona jiwe hili kila siku, huchanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali: pambo, jiwe la kujengea, na kiumbe kilicho hai. Kila moja lina hukumu yake na adabu yake, na mwenye kuyachanganya huenda akaleta madhara naye asijue. Kwa hiyo tutayaeleza moja moja.

Ama neno lenyewe, limekuja katika sura hiyo mara mbili, katika aya ya 22 na aya ya 58. Wafasiri wa kale hawakuafikiana juu ya maana yake. Wako waliosema kuwa lulu ni ile kubwa na marijani ni lulu ndogo; wako waliosema kinyume cha hayo; na imepokewa kwa Abdullah bin Masud kuwa marijani ni shanga nyekundu. Basi asilaumiwe mwenye kushika kauli hii wala mwenye kushika ile, kwani zote ni za wanavyuoni. Katika Kiswahili chetu kauli ya tatu ndiyo iliyoshika.

KWANZA: PAMBO. Marijani nyekundu ya kweli, ambayo wazee wetu waliiita marijani ya fedhaluka, haipatikani katika bahari yetu. Hukua katika Bahari ya Mediterania, mahali penye giza, na tangu zamani wapiga mbizi wa pwani za Tunisia, Aljeria na Italia wameitoa huko, ikauzwa katika nchi za mbali. Hukua polepole mno, na ndiyo sababu ya ughali wake. Nyingi katika zile ziuzwazo masokoni kwa jina hili si marijani, bali ni kioo au plastiki. Siki ikidondoshwa juu ya marijani hutoa povu dogo, kwa kuwa asili yake ni chokaa. Kioo na plastiki havitoi. Lakini alama hii haitoshi peke yake, kwani kombe lililotiwa rangi nalo hutoa povu. Mwenye kuuza kioo na ataje kuwa ni kioo, kwani kumghushi mnunuzi ni haramu, hata kama thamani ya kitu ni ndogo.

Katika Zaka, madhehebu yetu ya Shafi haioni Zaka katika lulu wala marijani kwa kuwa ni lulu au marijani. Imam Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kuwa mapambo na ambari zitolewazo baharini zina khumsi. Ama mwenye kuifanya marijani kuwa bidhaa ya duka lake, huyo hutoa Zaka ya biashara kama mfanya biashara yeyote: ikitimia nisabu na kupita mwaka, hutoa rubu ya ushuri, yaani mbili na nusu katika kila mia.

Na yuko amfungaye mtoto wake ushanga wa marijani, akiitakidi kuwa utamkinga na kijicho. Twasema: kujipamba hakuna ubaya, lakini mwenye kinga ni Mwenyezi Mungu. Ushanga huo haukuweza kujikinga wenyewe ulipokatwa mwambani, utamkinga nani?

PILI: JIWE LA KUJENGEA. Hapa ndipo pana fahari ya pwani yetu. Jiwe la kuta hukatwa nchi kavu, katika miamba iliyokuwa matumbawe hai zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Tumbawe la kuchonga lilitolewa baharini likiwa bichi. Hapo huwa laini, fundi akalichonga kibla, zidaka na vizingiti vya milango, na likikauka huwa gumu. Vipande vilivyobaki vilipangwa juu ya kuni katika tanuu, vikachomwa vikawa chokaa, ambayo ilijengea, ikapaka kuta, na hata kutiwa katika tambuu. Dari zilishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haistahimili upana mkubwa, vyumba vikawa virefu na vyembamba.

Ushahidi wa kazi hii upo. Katika Shanga, kisiwani Pate, wachimbuzi walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pamoja: wa kwanza ulikuwa wa miti, na baadaye ikafuata ya mawe ya matumbawe. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe hili, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, nao ni mwaka 1107 wa Miladi. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ulioanzwa katika karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, una kuba za jiwe hilo hilo. Hata Wareno walipojenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, waliijenga juu ya mwamba wa matumbawe na kwa mawe yake.

Wala msidhani, enyi wanafunzi wa bara, kuwa jambo hili haliwahusu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954 kwa kuchimba na kuchoma matumbawe ya kale ya nchi kavu. Mfuko wa saruji hiyo ukifika Majengo, ndani yake mna vumbi la viumbe vya baharini. Na mashimo yaliyoachwa na uchimbaji huo yalianza kupandwa miti mwaka 1971, kazi iliyoongozwa na bwana René Haller. Mivinje ilishika katika jangwa lile la mawe, majongoo yakaletwa wakala majani yake makavu, udongo ukapatikana, na leo pana msitu. Hapa pana funzo: mwenye kuchukua anaweza pia kurudisha, akitaka.

Lakini twasikitika kwa jambo moja. Katika miji yetu ya kale wako watengenezao nyumba na misikiti ya matumbawe kwa kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, wakidhani kuwa wameitia nguvu. Ukuta wa chokaa huingia unyevu na kuutoa; saruji huuzuia ndani, na jiwe likaoza chini ya lipu huku nje panang'aa. Msikiti uliosimama miaka mia tatu waweza kuharibiwa na nia njema ya mwaka mmoja. Waulizwe mafundi wanaoijua chokaa kabla ya fedha za waumini kutumiwa.

TATU: KIUMBE HAI. Hili ndilo wengi wasilolijua. Tumbawe lililo baharini si jiwe lililolala, wala si mmea. Ni mji wa wanyama wadogo mno, kila mmoja ana kinywa chake na vidole vyake vya kukamatia chakula, nao hujijengea nyumba ya chokaa chini yao. Ndani ya miili yao mnakaa mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, ambayo huwalisha kwa nguvu ya jua. Ndiyo maana matumbawe yajengayo miamba hutaka maji safi, ya vuguvugu, yasiyo na kina kirefu. Tumbawe la duara, lile la kuchonga, hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Basi bonge la mita moja, ambalo mtu hulivunja kwa mtaimbo asubuhi moja, limejengwa tangu kabla ya kuzaliwa babu yake.

Miamba hii haifiki hata sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari za dunia, na pamoja na hayo kama robo ya aina za viumbe vya baharini huitegemea. Ndiyo malisho ya samaki, na ndiyo boma livunjalo mawimbi kabla hayajafika ufukoni. Maadui zake ni wengi: baruti, juya likokotwalo juu ya mwamba, na uchimbaji wa matumbawe hai kwa ajili ya chokaa, ambao uliharibu sana miamba ya Mafia kabla ya hifadhi ya bahari kuanzishwa huko mwaka 1995. Na lipo joto. Maji yakizidi joto lake la kawaida kwa majuma kadhaa, matumbawe huitoa ile mimea inayowalisha, yakawa meupe kama mfupa, na joto likidumu hufa. Hayo yalitokea mwaka 1998, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikafa, na weupe huo ukarudi mwaka 2016 na mwaka 2024.

Huenda mtu akasema: joto hilo limeletwa na moshi wa viwanda vya nchi za mbali, nasi tufanyeje? Naye mvuvi atasema: watoto wangu wanataka kula leo. Maneno yote mawili yana haki. Lakini mgonjwa aliyepatwa na homa hapigwi fimbo. Mwamba uliodhoofishwa na joto ndio unaohitaji zaidi kuepushwa na mtaimbo na juya. Na wavuvi wa Kuruwitu, katika Kilifi, walikubaliana wenyewe kufunga sehemu ya bahari yao wasiivue, wakaiita tengefu. Samaki wakazidi humo, nao hutoka wakaingia katika maji yanayovuliwa. Hawakuwa matajiri waliofanya hivyo, walikuwa wavuvi.

Mtume, sala na amani zimshukie, amekataza kudhuru na kudhuruana. Mwenye kuvunja mwamba hai hamdhuru samaki tu. Amdhuru jirani yake mvuvi, na mtoto asiyezaliwa bado. Wazee wetu walilichukua tumbawe hai walipokuwa wachache, wala hawakuwa na jiwe jingine la kuchonga mfano wake. Sisi tuna saruji, tuna mawe ya nchi kavu, na tuna vifusi vya majumba ya kale vinavyofaa kutengenezea yaliyobaki. Haja yao ilikuwa haja; yetu leo ni pupa.

Basi hili ndilo jawabu letu kwa wanafunzi wetu, na ukumbusho kwa ndugu zetu wa pwani: pambo livaeni bila ya kuliabudu, jiwe la wazee litunzeni kwa chokaa yake, na lililo hai liacheni lilipo. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.