Posta ya vijijini Texas: chagua ofisi kabla ya kuomba kazi

Ukitoka Dallas kwenda kaskazini, ukaipita Frisco kuelekea Prosper na Celina, unakuta mitaa mipya ya nyumba kwenye ardhi ambayo si zamani ilikuwa malisho ya ng'ombe. Mashariki, upande wa Forney, hali ni hiyo hiyo, na Houston utaiona Katy, Cypress na Fulshear. Katika vitongoji vya namna hii, barua na vifurushi vingi hupelekwa na matarishi wa vijijini wa Posta ya Marekani, USPS. Njia zao zilichorwa wakati hapo ni shamba. Mji ukaja ukazikuta. Kwa hiyo Mkenya wa Irving au Mkongomani wa Alief akiona tangazo la Posta lenye neno “rural”, asidhani anaitwa kwenda kuishi porini.

Kwetu Afrika Mashariki wengi tumekulia kwenye sanduku la posta: unaifuata barua mwenyewe, na ufunguo mfukoni. Marekani imekuwa ikiwapelekea wakulima barua hadi langoni tangu tarehe 1 Oktoba 1896, mpango ulipoanzia West Virginia. Tarishi wa vijijini hadi leo huuza stempu, hupokea vifurushi na kuandikisha barua za rejista akiwa ndani ya gari. Ni kazi ya serikali kuu, ina chama chake cha wafanyakazi, na haidai shahada.

Nafasi inayotangazwa sana ni Rural Carrier Associate, na ofisini kila mtu huiita RCA. Huyu ni tarishi wa akiba, msaidizi wa mwenye njia. Huishika njia siku ambayo mwenyewe amepumzika, yuko likizo au anaumwa. Malipo ya saa yamekuwa yakizunguka dola 20 katika miaka ya karibuni, na ukiyatazama peke yake yanavutia kuliko ya kazi katika nyumba nyingi za kutunzia wazee. Lakini saa zenyewe hazina ahadi: wiki hii siku moja, wiki ijayo sita, na Novemba ikiingia na vifurushi vya sikukuu, utatamani kulala. Wala si ajira ya kudumu. Faida yake ni kwamba njia ikibaki wazi, RCA wa ofisi ile ndio wanaopanga foleni ya kuichukua, na aliyetangulia kuajiriwa yuko mbele. Huko mbele ndiko kuna pensheni ya serikali na bima ya afya inayoeleweka.

Foleni hiyo ni ya ofisi moja, na hapo ndipo wenzetu wengi wanapokosea. Wanaomba popote palipotangazwa, wanapata, kisha wanagundua kwamba mbele yao wamesimama wasaidizi wanane na mwenye njia kijana kuliko wote ana miaka thelathini na tano. Mwingine kaingia ofisi ndogo yenye njia nne, wawili kati ya wenye njia wanahesabu miezi ya kustaafu, naye anapata njia yake akiwa bado anajifunza majina ya mitaa. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, nenda ukaione ofisi. Ingia, nunua stempu, muulize tarishi unayemkuta nje akipakia gari: wasaidizi wako wangapi, nani anakaribia kustaafu, wanatumia magari ya Posta au yao wenyewe. Watu hawa hupenda kuongea, na wakiwa wamechoshwa na uhaba wa wasaidizi watakueleza mpaka usichouliza.

Umbali nao uuangalie kwa jicho kali. RCA anaweza kupigiwa simu asubuhi kwamba fulani hakuja. Ukikaa Arlington na kazi iko Celina, barabara za kulipia zitakula ujira wako kabla hujafika. Na anayetoka Gulfton kwenda Katy asubuhi anaijua I-10 ilivyo. Mimi ningeweka mpaka wa nusu saa, nikaorodhesha ofisi zote zilizo ndani yake, nikazisubiri hizo tu.

Sasa makaratasi, maana hapa huruma haipo. Posta huajiri raia wa Marekani, wenye ukaazi wa kudumu, na watu wa maeneo yaliyo chini ya Marekani kama American Samoa. Mwenye hadhi ya ukimbizi, mwenye hifadhi, na mwenye kadi ya kijani ya masharti, ile ya miaka miwili wanayopewa waliofunga ndoa na raia karibuni, hawapokelewi hata kama kibali chao cha kazi ni halali kwingine kote. Hili linawahusu sana ndugu zetu kutoka Kivu waliofikia Fort Worth, Vickery Meadow ya Dallas na kusini-magharibi mwa Houston. Mkimbizi huomba kadi ya kijani akitimiza mwaka mmoja nchini. Basi asiuchelewe mwaka huo. Aliyekuja kwa bahati nasibu ya viza, kadi yake inatosha. Umri wa kazi hii ya kuendesha gari ni angalau miaka 18. Vijana wa kiume wa kati ya miaka 18 na 25, wakiwemo wenye kadi ya kijani na wakimbizi, sheria inawataka wajiandikishe kwenye daftari la Selective Service. Wapo wanaodhani ni kuitwa jeshini, wanakwepa, kisha jambo hilo linawazuia kwenye kazi za serikali.

Kikwazo cha pili ni udereva. Leseni ya Texas peke yake haitoshi: unatakiwa uwe na angalau miaka miwili ya kuendesha gari Marekani au katika maeneo yake, na rekodi safi. Miaka kumi ya kuendesha matatu Nairobi au daladala Mbagala haihesabiwi, ingawa mimi ningemwajiri dereva huyo kabla ya wengi. Ukiwa na mwaka mmoja na nusu, subiri. Ukiomba mapema utakataliwa tu.

Maombi hufanywa kwenye tovuti ya Posta yenyewe, usps.com/careers. Chagua Texas, kisha tafuta kwa neno “rural” au kwa jina la mji. Matangazo mengine hukaa siku chache tu yakaondolewa, hivyo tenga dakika chache za kuyaangalia mara kadhaa kwa wiki, hasa unapoingoja ofisi fulani. Jaza jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu tunajulikana kwa tabia ya kuyapanga upya kila ofisi tunayoingia, na baadaye uchunguzi wa mtu unakwama kwa sababu ya jina la babu. Andika anwani na kazi zako za nyuma bila kuacha mapengo. Kama miezi fulani hukuwa na kazi, sema hukuwa na kazi. Kazi ya Mwanza au Goma nayo ni kazi, iandike. Kazi ya ghala, ya kupeleka chakula, ya kuendesha basi la wazee, ieleze kwa vitendo: ulibeba uzito gani, uliendesha umbali gani, ulianza saa ngapi alfajiri.

Ukishaomba utaletewa barua pepe yenye mtihani. Kwa matarishi ni namba 474, unafanywa kwenye kompyuta yako nyumbani, na unapewa saa 72 tu tangu barua pepe iingie. Wengi hawaanguki mtihani. Wanaikuta barua pepe kwenye folda ya taka siku ya tano. Ifungue folda hiyo kila siku. Alama ya kufaulu ni 70, waliotumikia jeshi la Marekani huongezewa alama, na matokeo yako yanaweza kutumika kwa nafasi nyingine za mtihani huo huo. Ukianguka, utangoja muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kurudia.

Mtihani wenyewe hauna hesabu. Sehemu moja inakuwekea kisa cha kazini: mteja amekasirika, mwenzako anachelewa, mvua inanyesha na vifurushi vimebaki, wewe utafanya nini. Nyingine zinakuuliza juu yako na namna unavyofanya kazi. Hapa malezi yetu hutuponza. Tumefundishwa kutojisifu, kwa hiyo mtu anachagua majibu ya katikati kila swali, si ndiyo si hapana, na mashine inaona mtu asiye na msimamo. Kama wewe ni mtu wa kuwahi kazini, jibu hivyo bila haya. Na usibadilike: swali lile lile huweza kurudi kwa sura nyingine baada ya dakika kumi.

Ukipita, zinafuata hatua za uchunguzi: alama za vidole, rekodi ya polisi, rekodi ya udereva, na kipimo cha dawa za kulevya kama tangazo linavyotaka. Kila kiungo unacholetewa kina tarehe yake ya mwisho. Usaili ni mfupi, na swali kubwa ni moja kwa sura nyingi: ukiitwa utakuja? Jumamosi je? Sikukuu je? Jibu ukweli, kwa sababu utaitwa.

Kuhusu siku za ibada, Waadventista na wengine wasome kidogo habari za Gerald Groff. Alikuwa RCA huko Pennsylvania, akakataa kupeleka vifurushi vya Amazon siku ya Jumapili kwa imani yake, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 29 Juni 2023 majaji wote tisa walikubaliana kwamba mwajiri hawezi kumnyima mtu nafasi ya dini yake kwa usumbufu mdogo tu. Lazima aonyeshe kuwa mzigo kwa shughuli zake ni mkubwa. Hilo linakupa haki ya kuomba. Halikuhakikishii kwamba utapewa, na ofisi yenye wasaidizi wawili itakuwa na hoja nzito. Siku ya mapumziko ya mwenye njia mara nyingi ni Jumamosi, na Jumamosi hiyo ndiyo kazi ya RCA. Msabato atafakari hili kabla ya kutuma maombi.

Halafu gari. Magari ya zamani ya Posta, yaliyoundwa na Grumman kati ya 1987 na 1994, usukani wake uko kulia ili tarishi afikie sanduku la barua bila kushuka. Aliyejifunzia Mombasa au Dodoma atajiona yuko nyumbani, mpaka akumbuke kwamba barabara ni ya kulia pia. Baadhi ya njia lakini zinamtaka tarishi atumie gari lake, na tangazo husema wazi. Posta hulipa posho ya matumizi ya gari, ila injini na breki za kusimama kila baada ya mita chache ni zako. Wapo wanaokaa kiti cha abiria na kunyoosha mguu wa kushoto hadi kwenye pedali. Wapo wanaotafuta Jeep ya usukani wa kulia au gari kuukuu la Japani. Usinunue chochote kabla ya kupewa kazi na njia, na muulize wakala wako wa bima kama mkataba wako unafunika kupeleka barua. Mingi haifuniki.

Magari hayo ya zamani hayana kiyoyozi. Mapya ya Oshkosh yanayo, lakini yalianza kusambazwa 2024 na hayajafika kila ofisi. Juni 2023 tarishi wa Dallas, Eugene Gates, alianguka akiwa kazini siku ya joto kali akafariki. Beba maji ya kutosha, jifunze dalili za kuzidiwa na joto, na ukisikia kizunguzungu simamisha gari upige simu ofisini, hata kama vifurushi vimejaa hadi dirishani.

Jambo la mwisho ni la pesa. Maombi ni bure, mtihani ni bure, na Posta haiuzi kitabu cha mazoezi wala nafasi. Anayekutumia ujumbe wa WhatsApp akidai dola hamsini za “usajili wa kazi ya posta”, awe mzungu au mtu wa kwenu, ni tapeli. Mzuie, uwaonye na wenzako kanisani au msikitini.