Mji wa Kisumu na Mahali Pake pa Ibada

Mji wa Kisumu umejengwa ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kwenye Ghuba ya Winam, kusini kidogo ya Ikweta. Jina lake latokana na neno la Kiluo lenye maana ya mahali pa kutafutia chakula, maana hapo kale watu walikutana huko kubadilishana vitu.

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901. Wakati ule nchi hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na mwaka 1902 ikatiwa katika nchi iitwayo sasa Kenya. Baadaye Kisumu ukawa makao makuu ya Jimbo la Nyanza. Mwaka 2001 ukapewa heshima ya jiji, na tangu 2013 ni makao ya Kaunti ya Kisumu.

Reli hiyo iligharimu maisha ya watu. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na wapatao 2,500 kati yao walikufa. Wengi walirudi kwao, lakini elfu kadhaa walibaki, wakafuatwa na wenye maduka. Ndiyo sababu mjini Kisumu yako mahekalu ya Wahindu na ya Masingasinga. Waislamu nao wana Msikiti wa Jamia, uliojengwa mwaka 1919. Mapadre wa Mill Hill walifika mwaka 1903. Leo kanisa kuu la Wakatoliki ni lile la Mtakatifu Theresa, Kibuye.

Hata hivyo, ibada haikuletwa na gari la moshi. Magharibi ya mji, kando ya barabara ya Bondo, yasimama mawe makubwa ya Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza. Husimuliwa kwamba mzee mmoja alilipenda jiwe hilo hata akashinda pangoni kila siku. Mkewe alipoulizwa mumewe yuko wapi, alijibu kuwa amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Wazee walitoa sadaka hapo, na wafuasi wa Legio Maria, kanisa lililoanzishwa Nyanza katika miaka ya 1960, hufika hapo kusali.

Basi mahali hapa pote ni kama kitabu cha historia ya mji. Kila kizazi chapaswa kukisoma na kukitunza, kwa kuwa ukurasa ukibomolewa hauandikwi tena.